Wikendi ya mbio za dragi kwa gari la barabarani: kutoka ukaguzi hadi mchujo

Gari la kawaida lenye breki nzima, tairi zenye meno na injini isiyovuja linatosha kuingia mbio za dragi za ridhaa. Wikendi huwa na sehemu mbili: kwanza mikimbio ya kujipima, kila mtu na saa yake, halafu mchujo wa wawili wawili. Umbali ni robo maili ya njia iliyonyooka, yaani mita 402, au nusu yake, mita 201. Wageni wengi huja wakiwaza nguvu za injini tu. Kwenye mchujo wa ridhaa hushinda anayerudia muda uleule mkimbio baada ya mkimbio, hata kama gari lake ni la kupeleka watoto shule. Mwongozo huu umepangwa kwa lengo hilo.

Hatua ya 1: Kagua gari siku mbili kabla

Usingoje siku yenyewe, maana nati iliyokufa hutaipata langoni. Mkaguzi ataanzia kwenye betri. Iwe imefungwa kwa kibano cha chuma na boliti. Mpira wa kufungia mizigo haukubaliki popote. Atakanyaga mafuta na kuachia aone kama pedali inarudi yenyewe mara moja. Ataangalia mkanda wa kiti, chini ya injini kama kuna oili inayodondoka, na chupa ya kupokea maji ya radieta. Vifuniko vya rimu vya plastiki ving'oe kabisa, maana huchomoka gari likiwa kwenye kasi.

Nati za tairi zikaze kwa spana ya kupimia, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Magari mengi madogo yako kati ya Nm 100 na 120. Rimu za alumini zikaguliwe tena baada ya mkimbio wa kwanza, kwa sababu zikipata joto hujikalia upya na nati hulegea.

Soma pia kanuni ya uwanja kuhusu kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini. Viwanja kadhaa hukataza yenye glaikoli, kwa kuwa ikimwagika huacha utelezi usiotoka kwa kupangusa tu. Wakikataza, suuza radieta na ujaze maji matupu, ila baada ya wikendi rudisha kulanti. Maji peke yake hula chuma kwa kutu.

Kuhusu mavazi: suruali ndefu ya pamba, fulana yenye mikono, viatu vya kufunika mguu mzima. Nailoni ikishika moto huyeyukia kwenye ngozi. Kanuni za NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, zinadai helmeti kwa gari linalokimbia robo maili kwa sekunde 13.99 au chini ya hapo, na nondo za kinga ndani ya gari kuanzia 11.49 kwa magari mengi. Vaa helmeti hata kama muda wako ni sekunde 17. Iwe na lebo ya Snell, shirika linalopima usalama wa helmeti, ambayo haijapitwa na muda, maana mkaguzi hugeuza helmeti na kuisoma.

Hatua ya 2: Vitu vya kubeba

Geji ya upepo ya kuaminika, pampu, jeki, spana ya nati, lita moja ya oili, maji ya radieta, matambara, kalamu ya kuandikia kioo, daftari. Geji iwe ileile wikendi nzima. Geji mbili za bei rahisi zinaweza kupishana psi 3, na tofauti hiyo inatosha kukuharibia hesabu zote.

Hatua ya 3: Ukifika

Toa kila kitu kinachocheza ndani ya gari: jeki, tairi ya akiba, chupa za maji, zulia la miguuni upande wa dereva. Zulia likipanda juu ya pedali ya mafuta gari halitasimama unapotaka. Kilo 45 zikipungua, gari la kawaida hupata takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde kwenye robo maili. Petroli iwe kama robo tanki. Usishuke zaidi ya hapo, kwa kuwa wakati wa kuondoka mafuta hukimbilia nyuma ya tanki, pampu ikavuta hewa na gari likakohoa katikati ya leni.

Zima AC mapema. Ile maji inayodondoka chini ya gari ukiwa kwenye foleni itaangukia mstari wa kuanzia, na dereva wa nyuma yako atateleza juu yake. Hakuna kosa dogo linalowakera wasimamizi kama hili.

Hatua ya 4: Upepo wa tairi

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko kichujio chochote cha hewa cha kununua. Tairi zinazosukuma gari zinahitaji kushika lami. Zile nyingine zinahitaji kubingirika tu.

Kama gari lako linavuta kwa mbele, anza na psi 27 mbele na 38 hadi 40 nyuma, bila kuzidi kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Likiondoka, uzito huhamia nyuma, tairi za mbele zikabaki nyepesi na kuzunguka bure. Nyuma kukiwa kugumu, gari halikai chini sana. Kama linasukuma kwa nyuma, geuza: nyuma 27, mbele 38 hadi 40. Shusha psi moja moja kila mkimbio. Usiende chini ya 22 kwa tairi za kawaida za barabarani: sehemu ya katikati huinuka, zikashika kwa kingo mbili tu, na gari huyumba mwishoni ambako kasi ni kubwa.

Pima tairi zikiwa na joto lilelile kila mara. Upepo uliopimwa asubuhi tairi zikiwa baridi haulingani na wa saa nane mchana baada ya kukaa juani.

Hatua ya 5: Maji na kuchoma tairi

Kabla ya mstari kuna sehemu iliyomwagiwa maji. Imewekwa kwa ajili ya tairi laini za mashindano zisizo na meno. Wewe mwenye tairi za barabarani izunguke, usipite juu yake. Meno hubeba maji, yanadondoka mstarini, na unaondoka juu ya dimbwi ulilolileta mwenyewe.

Ukishayazunguka maji, zima mfumo wa kuzuia tairi kuteleza. Kwenye magari mengi kubonyeza mara moja huuzima nusu tu. Shikilia kitufe sekunde kadhaa hadi taa yake ibaki imewaka. Kisha zungusha tairi kwa sekunde mbili au tatu kutoa vumbi na kokoto. Basi. Moshi mwingi hupendeza kwenye picha, ila mpira wa tairi za barabarani ukipata joto kupita kiasi huwa kama una mafuta. Gari linalosukuma kwa magurudumu yote manne lisichome kabisa, kwani mzigo wote unaangukia kwenye gia boksi.

Hatua ya 6: Kujipanga na kusoma taa

Mti wa taa, yaani nguzo ya taa za kuanzishia mbio, umekuwepo kwenye dragi tangu 1963, na bado ndio unaowapiga wageni chenga. Juu kuna taa mbili ndogo kwa kila leni. Ya kwanza huwaka tairi ya mbele ikikata mwale wa kwanza wa mwanga unaokatiza leni: umekaribia. Sentimita 18 mbele yake kuna mwale wa pili: umepangwa. Sogea taratibu mpaka ya kwanza iwake, simama, ngoja mwenzako naye awashe ya kwanza. Ndipo usogee kidogo kidogo mpaka ya pili iwake, na usimame papo hapo. Kuwasha zote mbili kabla mwenzako hajafika huhesabiwa utovu wa adabu, japo si kosa kwenye kanuni nyingi.

Simama pale taa ya pili inapowaka tu. Ukisogea zaidi, tairi itatoka kwenye mwale mapema: utaonekana mwepesi kwa taa, lakini muda wa mkimbio utaongezeka na hatari ya taa nyekundu itapanda. Muhimu zaidi, chagua sehemu moja na usimame hapohapo kila mara.

Kwenye mti wa ridhaa njano tatu huwaka moja baada ya nyingine kwa nusu sekunde, kisha kijani. Ondoka unapoona njano ya tatu. Anayengoja kijani ameshachelewa, kwa sababu jicho, mguu na gari vyote vinahitaji muda. Ukitoka mapema mno unakula nyekundu. Kwenye mazoezi haina shida, na afadhali uile huko.

Elewa pia kwamba saa ya mkimbio haianzi na kijani. Inaanza tairi yako inapotoka kwenye mwale. Ukisinzia sekunde mbili, muda wako wa robo maili haubadiliki hata chembe. Kinachoharibika ni muda wa kuitikia taa, na huo unahesabiwa kwenye mchujo.

Hatua ya 7: Kuondoka hadi kusimama

Gia otomatiki: mguu wa kushoto kwenye breki, pandisha resi hadi 1,500 au pale gari linapotaka kusukuma breki, shika sekunde mbili tatu tu, achia. Ukishikilia zaidi oili ya gia boksi inachemka. Magari mengi ya kisasa hukata mafuta ukikanyaga pedali zote mbili. Kwa hayo, achia breki kisha kanyaga.

Gia za mkono: anza na resi 2,500, achia klachi hadi inaposhika, kisha imalizie ndani ya nusu sekunde hivi huku ukiongeza mafuta. Tairi zikizunguka bure, punguza resi. Injini ikizama, ongeza 300. Kuachia klachi kwa ghafla huvunja eksile, hasa pale tairi zinaposhika vizuri; lami ya uwanja hupakwa gundi maalumu, kwa hiyo pigo ambalo barabarani lingeishia kwenye kuteleza hapa huishia kwenye vyuma.

Pita mstari wa mwisho ukiwa bado umekanyaga, halafu breki taratibu. Usikate mbele ya mwenzako kuelekea njia ya kurudia. Aliye upande wa kutokea hutangulia. Ukiona moshi au ukisikia kishindo, achia mafuta, sogea ukingoni kwenye leni yako na usimame. Kujikokota hadi mwisho huku ukimwaga oili kunaufunga uwanja kwa saa nzima.

Hatua ya 8: Soma karatasi ya muda

Wengi wakipewa karatasi hii baada ya mkimbio husoma namba ya mwisho na kukunja. Chukua mfano huu wa gari dogo (muda kwa sekunde, kasi kwa kilomita kwa saa):

Kuitikia taa 0.312
Mita 18: 2.35
Mita 100: 6.55
Mita 201: 10.03, kasi 114
Mita 402: 15.52, kasi 145

Mita 18 za kwanza kwa 2.35 ni polepole: tairi zilizunguka bure. Mkimbio wa pili, upepo ukashushwa kutoka 30 hadi 27, resi zikabaki zilezile. Mita 18 ikawa 2.20, na robo maili 15.29. Sehemu 0.15 zilizookolewa mwanzoni zimekuwa 0.23 mwishoni, kwa kuwa gari limekaa kwenye kasi kubwa mapema zaidi kwa safari nzima. Kasi ya mwisho imebaki 145. Kasi ya mwisho ndiyo inayosema habari za injini. Muda husema zaidi habari za mshiko na dereva. Kasi ikishuka ghafla bila hali ya hewa kubadilika, tafuta plagi, joto au mafuta mabaya.

Badilisha kitu kimoja kwa mkimbio mmoja. Ukigusa upepo na resi kwa pamoja, karatasi haitakuambia ni kipi kilichofanya kazi. Andika daftarini: saa, upepo, resi, joto la injini mstarini, leni. Kati ya mikimbio fungua boneti nusu saa, na hakikisha sindano ya joto iko palepale unapoanza tena. Gari lililoondoka la moto mara hii na la baridi mara ijayo ni magari mawili.

Hatua ya 9: Mchujo

Kila dereva hutaja muda anaotarajia na kuuandika kwenye kioo. Gari la polepole hutangulizwa kwa tofauti ya muda huo. Ukikimbia chini ya muda uliotaja, umeuvunja na umeshindwa. Mkivunja wote, hushinda aliyevunja kwa kidogo zaidi.

Tuseme umetaja 15.20, mwenzako 13.70. Unatangulia sekunde 1.50. Umeitikia taa kwa 0.080 ukakimbia 15.24: umezidisha 0.04, jumla 0.120. Yeye kaitikia kwa 0.150 na kukimbia 13.71, jumla 0.160. Umefika kwanza kwa 0.040, ingawa mkimbio wake ulikuwa karibu zaidi na muda wake kuliko wako. Alipotelea kwenye taa.

Taja wastani wa mikimbio yako mitatu ya mwisho iliyofanana, kamwe usitaje ule mmoja bora wa siku. Jua likishuka hewa hupoa na kuwa nzito, injini huvuta vizuri, gari huharakisha sehemu kadhaa za mia. Aliyetaja muda wa saa nane mchana kwenye raundi ya jioni huvunja bila kujua kwa nini.

Kabla ya kuondoka uwanjani

Rudisha upepo wa barabarani kwenye tairi zote nne, kaza nati tena, washa mfumo wa kuzuia kuteleza, angalia oili. Tairi ya psi 25 kwenye safari ndefu huchemka ubavuni na kupasuka njiani.