Kabla ya Kutia Programu kwenye Diski ya Mashine Pepe

Kabla hujagusa chochote, hakikisha mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta yako, na diski yake ni faili tu) imezimwa. Nasema imezimwa, si imelazwa. Mashine iliyolazwa bado imeshika kumbukumbuni orodha ya mafaili, hesabu ya nafasi zilizo wazi, na maandishi ambayo hayajafika diskini. Ukiipachika diski hiyo kwenye kompyuta yako ukaandika ndani, kisha ukaiamsha mashine, itaendelea na hesabu zake za zamani na kuandika juu ya kazi yako. Diski huharibika kimyakimya, na huenda ukagundua siku nyingi baadaye, faili moja linapokataa kufunguka. Windows inahitaji uangalifu zaidi: Fast Startup ikiwa imewashwa, kuzima kwa kawaida huhifadhi hali ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, diskini badala ya kuifunga kabisa. Zima mashine kabisa kwa amri ya shutdown /s /t 0.

Pili ni nakala. Niliwahi kuandaa diski ya mafunzo ghorofani, kwenye jengo moja la Moi Avenue, kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba. Vifurushi vya programu vilikuwa katikati ya kufunguliwa stima ikapotea. Iliporudi, mashine ilikataa kuwaka, na nakala niliyokuwa nayo ilikuwa ya mwezi uliopita. Wanafunzi walikuwa wanafika kesho yake asubuhi. Tangu siku hiyo siandiki kamwe kwenye diski ya asili. Kwa diski za aina ya qcow2, ile ya QEMU (programu ya kuendesha mashine pepe), huna haja hata ya kunakili faili zima: qemu-img create -f qcow2 -b msingi.qcow2 -F qcow2 kazi.qcow2 hutengeneza faili dogo linalobeba mabadiliko peke yake, na ile ya msingi inasomwa tu. Kazi ikiharibika, unafuta hilo dogo na kuanza upya. Sharti lake ni moja: ukishajenga juu ya faili la msingi, usilibadilishe tena, kwa sababu yote yaliyolitegemea yatavurugika.

Halafu uijue diski yenyewe. qemu-img info itakuambia ni ya aina gani, ina ukubwa gani kwa macho ya mashine, imekula nafasi kiasi gani kwako, na kama inategemea faili lingine. VirtualBox hupenda VDI, VMware hutumia VMDK, na qemu-img convert huhamisha kutoka aina moja hadi nyingine.

Nafasi huwasumbua wengi. Ukiongeza gigabaiti 10 kwa qemu-img resize, umerefusha diski tu. Jedwali la mapande (sehemu ambazo diski imegawanywa) halijapata habari, na mfumo wa mafaili vilevile. Lazima upanue pande, kwa growpart kwa mfano, kisha resize2fs kama ni ext4 au xfs_growfs kama ni XFS. Fanya hivyo kabla ya kutia programu. Diski ikijaa katikati ya usakinishaji, vifurushi hubaki nusu vimewekwa nusu havijawekwa, na kuvinyoosha ni kazi ya jioni nzima.

Sasa suala la bando. Kama unafanyia kazi nyumbani kwa data ya simu, usiiache kila mashine ijipakulie programu yenyewe. Pakua mara moja, tena mahali penye faiba, kisha beba. Lakini zingatia hili: kwenye Debian na Ubuntu, apt download huleta kifurushi ulichokitaja pekee, bila vile kinavyovitegemea. apt-get install --download-only huleta na vitegemezi, ila vile tu vinavyokosekana kwenye kompyuta unayopakulia. Ukipakulia kwenye laptopu yako iliyojaa programu za miaka mitatu, utafika na mzigo pungufu. Pakulia ndani ya nakala safi ya mashine ileile, toleo lilelile.

Angalia pia prosesa. virt-customize ni chombo kizuri sana, huingiza programu bila kuiwasha mashine, lakini amri zake hutekelezwa kwa prosesa ya kompyuta yako. Diski ya ARM haitakubali amri hizo kwenye kompyuta ya Intel. Na kama ndani mna Fedora au ndugu zake wenye SELinux (ulinzi wa Linux unaotumia lebo za mafaili), hakikisha lebo zinawekwa upya: matoleo mapya ya virt-customize hufanya hivyo yenyewe, ya zamani yalihitaji uongeze --selinux-relabel, la sivyo mafaili uliyoingiza yanaweza kukosa lebo sahihi na huduma zikakataa kuanza.

Kama hujazoea vyombo hivi, njia ninayoiamini kwa mgeni ni kutengeneza faili la ISO lenye vifurushi vyako, kuliunganisha kama CD, kuwasha mashine na kusakinisha ukiwa ndani. Ni polepole, lakini kerneli moja tu ndiyo inayoshika diski.

Kama diski hiyo itazaa mashine nyingi, panga mapema kufuta utambulisho wake kabla ya kuinakili. Faili la /etc/machine-id likibaki lilelile, mashine zinazotumia systemd-networkd (huduma ya mtandao ya Linux) zinaweza kujitambulisha kwa jina moja mbele ya seva ya DHCP, inayogawa anwani za mtandao, na kugombania anwani moja. Chumba chenye kompyuta 20 hakitaelewana. Funguo za seva za SSH (njia ya kuingia kwenye mashine kwa mbali) nazo zitakuwa zilezile kote, jambo ambalo ni hatari. virt-sysprep husafisha yote mawili.

Mwisho, angalia flashi utakayobebea. Ikiwa ni FAT32, haibebi faili la kufika gigabaiti 4, ipangilie exFAT. Andika alama ya sha256sum ya diski, ambayo hubadilika faili likibadilika, kwenye karatasi, na ukishuka kwenye matatu ukafika darasani, ilinganishe kabla hujawasha mashine hata moja.