Kuchagua mitumba Karume

Pale soko la Karume, Ilala, Dar es Salaam, fika asubuhi, belo linapokatwa kamba. Nguo kali huondoka hapo hapo, na wengi mnaogombania nao wanakwenda kuziuza kwingine.

Mimi shati silinunui kwa sura. Naligeuza ndani nje, nalipeleka kwenye mwanga. Kola ikiwa imelika kwenye mkunjo, naacha. Doa la njano kwapani naacha pia, hilo halitoki hata kwa jiki. Vifungo havinisumbui, fundi yupo. Zipu ipandishe na kuishusha hadi mwisho; muuzaji akinuna, mwache anune.

Ukipenda kitu, usikikumbatie! Kichanganye na vingine viwili usivyovitaka, uliza bei ya hivyo kwanza. Na noti ndogo ziwe mfukoni: huwezi kulilia shida huku umeshika elfu kumi.