Jinsi ya kushusha muda wako kwenye kilomita 5 za Jumapili

Jumapili alfajiri, watu wakitoka msikitini na jua bado halijachomoza, utatukuta Maisara, hapa Unguja mjini. Wapo vijana wa Jang'ombe, wapo mama watu wazima waliofunga mitandio kisogoni, wapo wazee waliostaafu, na nipo mimi na daftari langu. Kundi letu halina kikombe wala zawadi. Tunakimbia kilomita 5, tunaandika muda, tunakunywa chai na kutawanyika. Ila mtu akishaandikiwa dakika zake mara moja, basi tena. Wiki ya pili haji kunyoosha viungo. Anakuja kuipiga ile namba.

Daftari nimelishika miaka sita. Mimi mwenyewe nilianza na dakika 36, mwalimu wa skuli mwenye watoto wanne, ambaye mara ya mwisho kukimbia nilikuwa nafukuzana na mbuzi wa bibi yangu. Leo muda wangu bora ni dakika 26 na sekunde 48. Katika majina yote niliyoandika, takriban kila aliyekwama alikwama kwa pupa. Pupa ya aina mbili: kukimbia kwa nguvu siku zote za wiki, na kukimbia kwa nguvu mno kilomita ya kwanza. Mwongozo huu ni wa kutibu hizo mbili, kwa wiki nane.

Kama una presha, sukari, au kifua kinakubana ukipanda ngazi, kapime kwanza ndipo urudi hapa.

Hatua ya 1: Pata njia iliyonyooka na muda wa kweli

Usipime muda wako ndani ya Mji Mkongwe. Najua panavutia kukimbia Shangani na kutokea Forodhani watu wakiwa wamelala, lakini vichochoro vile vina kuta ndefu, na simu inapotafuta mawasiliano na setilaiti huchanganyikiwa. Nimewahi kuambiwa na simu yangu kwamba nimekimbia kilomita kwa dakika 3 na nusu. Nilicheka peke yangu mpaka muuza kahawa akanitazama.

Tafuta barabara iliyo wazi. Sisi tunatoka Maisara, tunashika Barabara ya Nyerere kuelekea upande wa uwanja wa ndege, tukifika kilomita 2 na nusu tunageuka na kurudi tulikotoka. Faida ya kwenda na kurudi ni kwamba mpando ulioupanda utaushuka, na upepo uliokupiga usoni utakusukuma mgongoni. Pima njia mara tatu kwa siku tofauti, chukua wastani, kisha weka alama zako kila kilomita: mti, nguzo ya umeme, kibanda cha vocha. Kimbia upande wa kulia ili gari zinazokuja uzione. Dereva wa daladala wa alfajiri ana haraka kuliko wewe.

Jumapili ya kwanza kimbia kama ulivyozoea, usibadili kitu. Unachotaka ni kujua ulipo.

Hatua ya 2: Andika kilomita moja moja

Muda wa jumla hausemi kitu. Chukua mfano wa kijana mmoja fundi wa friji aliyekuja kwetu na dakika 29 na sekunde 40, akiwa amenasa hapo miezi saba. Nilimwomba abonyeze saa kila alama. Ikatoka hivi: 5:10, 5:45, 6:00, 6:20, 6:25.

Zitazame vizuri. Kilomita ya kwanza alikimbia kama mtu wa dakika 25 na sekunde 50. Ya mwisho alikimbia kama mtu wa dakika 32. Aliniambia, "Mwalimu, pumzi yangu ndogo." Pumzi yake ilikuwa haina neno, aliimaliza mapema tu, kama mshahara unaoisha tarehe tano.

Andika zako. Kama tofauti kati ya kilomita ya kwanza na ya mwisho inapita sekunde 30, umeshajua dakika zako zimepotelea wapi.

Hatua ya 3: Siku za kati, nenda polepole mpaka uone aibu

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Ratiba yenyewe ni nyepesi: Jumanne vipande vya kasi, Alhamisi mbio za polepole za dakika 35 hadi 45, Ijumaa pumzika, Jumamosi dakika 20 za kujilegeza, Jumapili na kundi. Jumatatu na Jumatano tembea au fanya kazi zako za nyumbani, nazo ni mazoezi.

Tatizo ni neno "polepole". Kijana ukimwambia polepole, anapunguza kidogo tu, halafu anarudi amelowa jasho na kuniambia amepumzika. Kipimo changu ni mdomo. Mpate mwenzako, mkimbie bega kwa bega, umsimulie mechi ya jana mwanzo mpaka mwisho. Ukikatika katikati ya sentensi kutafuta hewa, uko mbio sana. Kwa yule fundi, polepole ilikuwa dakika 7 na nusu kwa kilomita, na siku za joto hata 8. Watoto wa chuo walimpita kwa miguu wakiwa na mabegi, akalalamika wiki mbili nzima.

Lakini mbio za namna hiyo ndizo zinazoufanya mwili ujenge. Mishipa midogo ya damu huongezeka ndani ya misuli, moyo huzoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na miguu hupata muda wa kupona kabla ya Jumanne. Ukikimbia kwa nguvu kila siku unafika Jumanne umechoka, vipande vya kasi unavifanya nusunusu, na Jumapili unashangaa mbona namba haishuki.

Na hata hizo Jumapili, usishindane zote. Moja kati ya nne inatosha. Zilizobaki kimbia na kundi ukizungumza, au msindikize mgeni. Hili ndilo gumu kuliko yote, maana saa iko mkononi na jirani yako yuko mbele.

Hatua ya 4: Jumanne ya vipande

Chagua muda unaoutaka, usizidi dakika moja na nusu chini ya ulionao. Ugeuze kuwa sekunde, ugawe kwa 12 na nusu, utapata muda wa kila mita 400. Fundi wetu alitaka dakika 28 na sekunde 20. Hizo ni sekunde 1,700. Gawa: sekunde 136, yaani dakika 2 na sekunde 16 kwa kila mita 400.

Wiki ya kwanza hadi ya tatu, kimbia mita 400 mara sita, kwa kasi iliyopita hiyo kidogo tu, na kati ya kipande na kipande tembea sekunde 90. Wiki ya nne hadi ya sita, mita 800 mara nne kwa kasi yenyewe ya lengo, mapumziko dakika 2. Wiki ya saba, kilomita moja mara tatu, mapumziko dakika 3. Wiki ya nane legeza: mita 400 mara nne, basi, urudi nyumbani mapema.

Kipande cha mwisho kiwe sawa na cha kwanza. Ukianza kwa 2:05 ukamaliza kwa 2:30, hujafanya mazoezi ya kasi. Umefanya mazoezi ya kufa njiani, na mwili utayakumbuka.

Hatua ya 5: Jifunze kujizuia

Kila nikilisema hili anatokea mtu mzima wa kundini kunikumbusha Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa Tanzania wa zamani. Kweli. Mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, Bayi alitoka mbele tangu mwanzo wa mita 1,500, akabaki mbele mpaka mwisho, na akaweka rekodi ya dunia ya 3:32.2. Lakini Bayi alijiandaa kwa mbio za namna ile, na hakuwa amekesha harusini Jumamosi. Mimi mfano wangu ni Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni. Mashindano ya dunia ya Tokyo, Septemba 2025, kilomita 42 zote, na bado Mjerumani Amanal Petros alikuwa mbele yake mstari ukiwa unaonekana. Simbu akampata palepale mwishoni; saa iliwaandikia wote wawili 2:09:48, na kilichowatenganisha ni sehemu 3 za mia za sekunde. Alikuwa na akiba ya kutumia.

Mpango wa fundi tuliuandika kwa kalamu kiganjani: 5:45, 5:42, 5:40, 5:40, 5:33. Jumla yake 28:20 kamili. Kilomita ya kwanza iwe ndiyo ya polepole kuliko zote.

Ukijizuia hivyo, dakika 3 za mwanzo utajiona mjinga. Wazee watakupita. Watoto watakupita. Yule fundi alinigeukia tukiwa hatujafika hata Kilimani.

"Mwalimu, wananiacha!"

"Wasalimie. Utawakuta."

Aliwakuta, mmoja mmoja, kuanzia kilomita ya tatu, na hakuna kitu kinachompa mtu nguvu kama kumpita aliyempita.

Zoezi la kujifunza hili: Alhamisi moja kimbia kilomita 3, ya kwanza ukiwa umefunika saa kwa kitambaa. Kisia muda wako, kisha funua. Wengi hukosea kwa sekunde 20 na zaidi, na daima hukosea upande uleule wa pupa. Rudia kila wiki mpaka ukosee kwa sekunde 5.

Hatua ya 6: Chagua msimu wako

Kwetu huwezi kuvunja muda wako msimu wowote tu. Januari mpaka Machi, joto na unyevunyevu ukiwa umekaza, damu inahitajika kwenye ngozi kupoza mwili wakati huohuo misuli inaidai, na jasho linatiririka bila kukauka, kwa hiyo halipozi kitu. Mtu wa dakika 28 anaweza kukimbia 29 na nusu bila kosa lake. Masika njia zinajaa maji. Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndio msimu wa kuvuna. Panga wiki zako nane ziishie hapo.

Kipupwe lakini kinakuja na kusi, upepo wa kusini. Kwenye njia yetu kusi inakupiga usoni unapokwenda na kukusukuma unaporudi. Usibishane nayo. Nusu ya kwanza angalia pumzi yako badala ya saa, ukipoteza sekunde 10 ziache, utarudishiwa sehemu yake baada ya kugeuka. Siku za kaskazi, upepo wa kaskazini, ni kinyume chake: unakwenda ukisukumwa, unadhani umepona, kisha unageuka na kukutana na ukuta.

Ramadhani usifukuze namba. Dakika 25 za taratibu karibu na kufuturu, au baada ya tarawehe, zinatosha kukulinda usirudi nyuma.

Hatua ya 7: Jumapili yenyewe

Usiku wake kula chakula ulichozoea na mapema. Urojo wenye pilipili na bajia saa tatu usiku ni kitamu, ila utakutana nao tena kilomita ya nne. Asubuhi mimi hula tende tatu na gilasi ya maji. Wengine huvumilia kipande cha mkate wa boflo na chai. Usijaribu kitu kipya siku hiyo.

Raba za mtumba hazina ubaya, mradi sponji ya soli ibonyee na kurudi ukiikandamiza kwa kidole. Kwa wanawake wenzangu: pamba ikilowa jasho inakuwa nzito kama taulo, chagua kitambaa chepesi kinachokauka, na mtandio wa kuvaa usiotaka pini. Kovu la pini ninalo shingoni.

Pasha mwili moto dakika 10 kwa mbio za kujikokota, malizia kwa mikimbio minne ya kasi ya sekunde 20. Watu wengi huruka hatua hii wakidhani wanahifadhi nguvu, na kilomita ya kwanza inakuwa ndiyo kupasha moto kwao. Kichomi kikikushika ubavuni, punguza mwendo kidogo na utoe pumzi ndefu mpaka tumbo liingie ndani, mara kadhaa, kitaachia.

Kilomita mbili za kwanza jizuie. Ya tatu na ya nne ni za kazi tu, hazina raha, hesabu nguzo. Ukiiona alama ya nne na bado unaweza kusema maneno matatu, sema "bismillahi, haya twende" na ufungue. Mita 300 za mwisho usitazame saa kabisa, itakusimamisha.

Fundi wetu siku hiyo alimaliza kwa dakika 28 na sekunde 11. Kilomita ya kwanza 5:44, ya mwisho 5:21. Alikaa kwenye majani akaomba daftari alione mwenyewe, akaliangalia, akanirudishia na kuniuliza kama wiki ijayo tujaribu 27.

Nikamwambia wiki ijayo yeye ndiye anashika daftari.