Somo: Acha kuandika __init__ kwa mkono (dataclass ya Python)

Swali ni lile lile kila siku: "Klasi yangu ina sehemu kumi, `__init__` imejaa `self.hiki = hiki`, nifanyeje?" Jibu ni dataclass, kifaa cha Python kinachokuandikia msimbo huo. Naandika leo, ukiuliza tena nakutumia hapa. Mfano ni daftari la mchuuzi wa samaki pale Dunga, maana nusu yenu mnatengeneza kitu cha aina hiyo.

1. Uwe na Python 3.7 kwenda juu.

2. Andika sehemu na aina zake, dekoreta (ule mstari wa `@`) ikae juu:

```
from dataclasses import dataclass, field

@dataclass
class Mzigo:
    aina: str
    kilo: float
    bei: int
```

3. Jaribu:

```
>>> Mzigo('omena', 12.5, 300)
Mzigo(aina='omena', kilo=12.5, bei=300)
```

`__init__` (ya kuunda), `__repr__` (ya kuonyesha) na `__eq__` (ya kulinganisha) zimejiandika zenyewe.

4. Orodha. Hapa punguza mwendo. Unataka kila mzigo uwe na malipo yake, unaandika `malipo: list = []`. Python inakataa papo hapo kwa ValueError, na hiyo ni bahati yako. Balaa ni mtu anayeona kosa hilo, akafuta `: list`, akabaki na `malipo = []`. Kosa linatoweka, anafurahi. Lakini bila aina, dataclass haioni kabisa kwamba hiyo ni sehemu. Inabaki orodha moja ya klasi nzima, na kila mzigo unaandika humo humo. Mteja wa Kibuye analipa, wa Kondele anaonekana amelipa. Hakuna kosa jekundu popote. Utajua siku hesabu zikikataa. Andika hivi:

```
    malipo: list = field(default_factory=list)
```

`list` bila mabano. Ukiweka `list()` umeipa orodha tupu badala ya kitu cha kutengenezea orodha, na italalamika ukiunda mzigo wa kwanza.

5. Sehemu zenye thamani ya awali zikae chini ya zisizo nayo.

---

nyalenda_py: Mkuu haifanyi kazi

FundiDunga: Haifanyi kazi kivipi? Bandika kosa lote.

nyalenda_py: No module named 'dataclasses'. Natumia 3.6

FundiDunga: Hatua ya 1.

boda_na_kodi: Nimeweka `bei: int`, nikampa 'mia tatu' akakubali. Hii kitu ni mbovu.

FundiDunga: Si mbovu. Aina hapo ni maelezo tu, Python haizikagui programu ikiendesha. Ukitaka ukaguzi, andika `__post_init__` (inaendeshwa mara tu baada ya `__init__`) au pitisha faili kwenye mypy, programu ya kukagua aina. Na bei iwe namba nzima, usihesabu pesa za watu kwa `float`.

akoth_milimani: Samahani mwalimu, huo msimbo unaojiandika uko wapi? Naweza kuuona?

FundiDunga: Swali zuri dada. Dekoreta inasoma aina ulizotaja, inaunga maandishi ya `__init__` kama stringi, kisha inayaendesha kwa `exec`. Hakuna faili linalobaki kwenye diski. Ila umbo lake unaliona: `import inspect`, halafu `print(inspect.signature(Mzigo))`. Ile `malipo` utaikuta imeandikwa `<factory>`.

akoth_milimani: Nimeona! Sasa nikitia mizigo kwenye `set` inasema unhashable.

FundiDunga: Kwa sababu imepewa `__eq__` na bado inabadilika, Python inaiondolea hash, ile namba ambayo `set` hutumia kutambua vitu. Weka `@dataclass(frozen=True)`, sehemu zake zisibadilishwe tena. Utagonga ukuta wa pili: `malipo` ni orodha, nayo haina hash. Ongeza `compare=False` ndani ya `field` yake, iachwe nje ya hesabu. Ila jua kwamba mizigo miwili inayotofautiana malipo tu itahesabika sawa.

boda_na_kodi: Kwani lazima Python? Kotlin ina `data class` tangu zamani

FundiDunga: Omera, hakuna aliyesema lazima. Na huko pia kuna mtego wake: sehemu uliyoitaja ndani ya mwili wa klasi, nje ya mabano ya juu, haiingii kwenye `equals` wala `toString`.

kondele_dev: Rust je?

FundiDunga: `#[derive(Debug, Clone, PartialEq)]` juu ya struct, basi. Huko msimbo unaandikwa wakati wa kukompaili, kabla programu haijaanza.

nyalenda_py: Nimepandisha hadi 3.12, imekubali. Asante mkuu