Jinsi ya kushirikiana na nesi kama una maumivu yasiyoisha

Kama mgongo, magoti au nyonga inakuuma na imeshapita miezi mitatu, hayo wataalamu wanayaita maumivu sugu, na kwa kweli mtu wa kukusaidia zaidi mara nyingi ni nesi wa kliniki, yule yule anayekupima presha mlangoni. Daktari unamwona dakika chache basi, nesi ndo unakutana nae kila ukienda. Ila wengi tunampita tu, tukiulizwa tunajibu "naendelea hivyo hivyo sista" halafu tunarudi nyumbani na maumivu yetu.

Anza na daftari. Wiki mbili kabla ya kliniki andika asubuhi na jioni maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10, ulikuwa unafanya nini, umemeza nini na saa ngapi, usiku ulilala au la. Ukimwambia nesi "naumwa sana" hana pa kuanzia, lakini ukimwambia "nikimaliza kufua inafika 7, nikijilaza inashuka 4" hapo anajua akuulize nini na amwambie nini daktari. Bibi asiyependa namba atumie vidole vya mkono mmoja, ngumi maana yake hakuna maumivu, vidole vitano ni yamezidi kabisa.

Sasa dawa, na hapa naomba sana mnisikilize. Beba kila unachomeza, cha hospitali, cha duka la dawa, hata mizizi uliyopewa na jirani, weka mezani usifiche kitu. Diklofenaki, hii dawa ya kutuliza maumivu, tunanunua kama pipi, kumbe ukiimeza miezi na miezi inaweza kukuletea vidonda vya tumbo, ikapandisha presha na kuumiza figo, na mwenye presha au kisukari yuko kwenye hatari zaidi. Panadol nayo ina kipimo chake, mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya mg 500 kwa saa 24, na dawa nyingi za mafua zina hiyo hiyo ndani kwahiyo unaweza kuzidisha bila kujua. Kama una shida ya ini au mwili umedhoofu sema mapema, kipimo chako kinaweza kuwa chini ya hapo.

Halafu mwombe akufundishe, usisubiri aanze yeye. Mwambie akuonyeshe namna ya kuinuka kitandani, kuinua ndoo, na mazoezi mepesi ya kufanya nyumbani, maana kulala siku nzima kunalegeza misuli na maumivu yanazidi. Kazi igawe, fua nusu asubuhi nusu jioni, usingoje mpaka uzidiwe ndo upumzike. Na kama umekata tamaa, hulali, unalia, mwambie pia, hiyo nayo inatibiwa na ikitulia hata maumivu yanabebeka.

Kwa wenye saratani mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, isiwatishe. Ikitolewa kwa utaratibu, kwa kawaida kila baada ya saa 4, haimuui mgonjwa. Inafunga choo, hiyo ni kweli, kwahiyo muulize nesi dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo mnapoanza. Uganda tangu 2004 manesi waliosomea tiba shufaa, yaani kutuliza mateso ya wenye ugonjwa mzito, wanaruhusiwa kisheria kuiandika wenyewe, na mgonjwa wa kijijini aliye mbali na daktari anaipata, natamani na sisi wengine tufike huko.

Kuna mambo lakini usisubiri siku ya kliniki: mgongo unauma na miguu imekosa nguvu, mkojo umeziba au unatoka wenyewe, ganzi sehemu za siri, hapo nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Homa au kupungua uzito bila sababu, nenda ndani ya siku hizo hizo, na daftari ubebe.