Namna ya Kuonya Juu ya Maafa Ambayo Wenzako Wanaamini Hayakuwahi Kutokea

Anayeonya juu ya maafa ambayo wasikilizaji wake wanaamini hayakuwahi kutokea huchekwa kwa sababu moja kubwa kuliko nyingine zote: yeye anazungumzia kesho, ilhali wao wanabishana naye kuhusu jana. Akisema kwamba maji yatafika hapa, wao husikia akidai kwamba maji yalikwisha kufika hapa, na kwa kuwa hawakuyaona wala hawakusimuliwa, humhesabu kuwa mzushi. Mwongozo huu ni wa mtu huyo, na ushauri wake wa kwanza ni kwamba aache kutabiri kwa muda, athibitishe kwanza yaliyopita.

Thibitisha kwamba yalitokea

Anza kwa kutambua ni kitu gani hasa kinachokanwa. Yuko anayelikana tukio lenyewe. Yuko anayelikubali lakini akasema lilikuwa dogo. Na yuko anayelikubali pamoja na ukubwa wake lakini akadai ni la zama ambazo hazitarudi. Wote watatu hucheka kicheko kimoja, lakini hawajibiwi jibu moja, na ukimpelekea wa tatu ushahidi unaomfaa wa kwanza utamchosha bure na kujichosha mwenyewe.

Kisha tafuta ushahidi wa aina zaidi ya moja, usiotoka katika chanzo kimoja. Sijui mfano ulio bora kuliko ule wa Cascadia, ukanda wa pwani ya Pasifiki unaoanzia kaskazini mwa California hadi kisiwa cha Vancouver. Kwa miaka mingi wataalamu wengi walitilia shaka kwamba ukanda huo ungeweza kutoa tetemeko kubwa mno la ardhi, kwa kuwa hakuna lililokuwa limeandikwa. Wenyeji wa asili walikuwa na simulizi za ardhi kutikisika na bahari kuvamia vijiji, lakini simulizi zikiwa peke yake zilichukuliwa kuwa ngano. Katika miaka ya 1980 mwanajiolojia Brian Atwater alionyesha mabaki ya misitu ya mierezi iliyokufa ingali imesimama, baada ya ardhi yake kudidimia ghafla na kuingiliwa na maji ya chumvi, pamoja na tabaka la mchanga wa bahari lililofunika udongo wa kale. Mwaka 1996 watafiti wa Japani walieleza kwamba tsunami iliyoandikwa katika kumbukumbu za nchi yao mwezi Januari 1700, bila watu wa huko kuhisi tetemeko lolote kabla yake, ilitoka katika pwani hiyo ya mbali. Hatimaye pete za miti, yaani miviringo ya ukuaji wa kila mwaka ndani ya shina, zilionyesha kwamba mierezi ile ilikufa kati ya mwaka 1699 na 1700. Simulizi zilizochekwa zikiwa peke yake hazikuchekwa tena zilipowekwa kando ya udongo, miti na maandishi ya ng'ambo ya bahari.

Ushahidi pekee, hata ukiwa mwingi, hautoshi usipoeleza namna jambo lilivyotokea. Mwanajiolojia J Harlen Bretz alianza mwaka 1923 kuandika kwamba mabonde makavu ya mashariki mwa jimbo la Washington yalichongwa na gharika moja kubwa kupita kiasi, na mwaka 1927 wanajiolojia wenzake walimkosoa hadharani mmoja baada ya mwingine. Aliisoma ardhi vizuri kuliko wao, ila alishindwa kusema maji hayo yote yalitoka wapi. Jibu lilikuwa kwa Joseph Pardee, aliyekuwa amechunguza ziwa la kale lililozuiwa na barafu huko Montana, na ambaye mwaka 1940 alieleza matuta makubwa ya changarawe yaliyoachwa na maji ya ziwa hilo yalipotoka kwa kasi. Bretz alitunukiwa nishani ya Penrose, tuzo ya juu ya wanajiolojia wa Marekani, mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka 96. Gharika yake ilikuwa ya zama za barafu na haikumtishia mtu yeyote, hivyo aliweza kungoja. Wewe unayeonya juu ya bonde lenye watu huna nusu karne ya kusubiri. Kwa hiyo chora mchoro wa chanzo na njia ya maafa hayo kabla hujafungua kinywa, na pale usipojua, tafuta mapema mtu anayejua.

Namna ya kuyasema

Usitaje tarehe. Ushahidi wa yaliyopita hukuruhusu kusema kwamba jambo hurudi baada ya vipindi vya miaka mingi, wala hauruhusu kusema kwamba litarudi mwakani. Anayetaja siku amewapa wanaombeza kitu cha kungojea, na siku hiyo ikipita, hata mchanga na miti vitachekwa pamoja naye.

Badala ya kutabiri, uliza swali, na hakikisha limeandikwa. Mwezi Juni 2009, katika kikao cha wataalamu waliokuwa wakipitia usalama wa kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi nchini Japani, mwanajiolojia Yukinobu Okamura aliuliza kwa nini tsunami ya mwaka 869, iliyoacha mchanga mbali ndani ya nchi kavu katika uwanda wa Sendai, haikuzingatiwa. Alijibiwa kwamba madhara ya tukio hilo hayakuonekana kuwa makubwa, jibu ambalo, kama msomaji atakavyotambua, ni la yule mkanaji wa aina ya pili. Tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 ilikizamisha kituo hicho. Swali lake halikuuzuia msiba, lakini kwa kuwa liliwekwa katika kumbukumbu za kikao, hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba jambo hilo halikuwahi kutajwa.

Pale unapoweza, onyesha kwa macho. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulikuwa umelala kwa takribani miaka 500, hata wengi waliouzunguka hawakujua kwamba ni volkano. Mwaka 1991 wataalamu waliwaonyesha viongozi na wananchi video, iliyotokana na picha zilizopigwa na wataalamu wa volkano Maurice na Katia Krafft, yenye kuonyesha mawingu ya moto na mito ya tope la volkano, na makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamehamishwa kabla ya mlipuko mkubwa wa tarehe 15 Juni. Huko Kolombia, mji wa Armero ulijengwa juu ya tope lililoshushwa na volkano ya Nevado del Ruiz katika milipuko ya kale, ikiwemo ya mwaka 1595 na 1845. Ramani iliyouweka mji huo ndani ya eneo la hatari ilikuwa tayari mwezi Oktoba 1985, nayo ilikosolewa kwamba inatia watu hofu. Tarehe 13 Novemba tope liliuzika mji huo, na zaidi ya watu 20,000 wakafa. Mambo mengi yalichangia msiba ule, lakini asiyezoea kusoma ramani haoni tope anapoitazama. Huona rangi tu.

Mwishowe, omba jambo dogo. Katika kisiwa cha Simeulue nchini Indonesia, tsunami ya mwaka 1907 ilibaki katika nyimbo na hadithi kwa jina la smong, pamoja na agizo moja: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikarudi nyuma, kimbilia mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004 waliokufa huko kwa mawimbi walikuwa wachache mno, wakati katika pwani ya jirani ya Aceh walikufa watu wengi kupita kiasi. Agizo kama hilo hata anayecheka anaweza kulishika, kwa kuwa halimgharimu chochote.

Kuhusu kicheko chenyewe

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na hivyo ndivyo wasikilizaji watakavyokuwaza: watauliza unapata nini. Taja maslahi yako kabla hawajakuuliza, kisha chunguza na ya kwao. Smith Dharmasaroja, aliyewahi kuongoza idara ya hali ya hewa ya Thailand, alionya mwaka 1998 kwamba pwani ya Phuket na mikoa jirani ingeweza kupigwa na tsunami, akashutumiwa kwamba anaharibu utalii. Mtu anayehofia riziki yake hajibiwi kwa jiolojia. Mpe hatua ambayo haimfungii biashara, kama vile king'ora na njia ya kukimbilia iliyowekewa alama, uone kama hatapunguza kicheko.

Mara nyingine kejeli hugeuka kuwa kesi. Tina Merlin, mwandishi wa habari wa Italia, alishtakiwa kwa kueneza habari za uongo baada ya kuandika mwaka 1959 kuhusu hofu za wanakijiji waliokaa karibu na bwawa la Vajont. Aliachiwa huru mwaka 1960, kwa kuwa aliyoyaandika yaliweza kuthibitishwa. Tarehe 9 Oktoba 1963 upande mzima wa mlima uliporomokea ndani ya bwawa, na wimbi lililoruka ukuta wake liliua karibu watu 2,000. Andika basi kila sentensi ya onyo lako kana kwamba utaitetea mbele ya hakimu.

Usiwatupie wanaokucheka methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimeisikia mara nyingi ikitumiwa hivyo, na sijaona hata mmoja aliyeshawishika. Humgeuza aliyekuwa na shaka kuwa adui. Wala usiitegemee siku ya kuthibitishwa kuwa kweli. Kotaku Wamura, mkuu wa kijiji cha Fudai nchini Japani, aliyeiona tsunami ya mwaka 1933, alisimamia ujenzi wa ukuta na lango la kuzuia maji lenye kimo cha mita 15.5, huku akilaumiwa kwa gharama na urefu wake. Lango lilikamilika mwaka 1984. Mwaka 2011 liliokoa kijiji, lakini Wamura alikuwa amefariki miaka mingi kabla.

Maafa yasipotokea

Huenda hayakutokea kwa sababu yalizuiwa. Kompyuta hazikuanguka kwa wingi tarehe 1 Januari 2000 kwa kuwa wahandisi wengi walikuwa wamezirekebisha kabla ya siku hiyo programu zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, ambazo zingeweza kuudhani mwaka 2000 kuwa 1900, na hadi leo wapo wanaosema kwamba tatizo lile lilikuwa uzushi. Hifadhi rekodi ya kila kasoro kabla ya kuirekebisha, ikionyesha ingefanya nini kama ingeachwa, kwa kuwa baada ya marekebisho hakutakuwa na kitu cha kumwonyesha mtu.

Huenda pia ulikosea. Kabla ya kutoa onyo, andika ni ugunduzi gani utakaokufanya uliondoe, mathalani tabaka la mchanga likibainika kuwa la mto na si la bahari, na karatasi hiyo mpe mtu asiyekubaliana nawe. Ugunduzi huo ukipatikana, liondoe onyo mbele ya watu wale wale, kwa sauti ile ile uliyolitangazia.