Namna ya kumpima kijana wa mwaka wa kwanza baada ya mechi ya futiboli ya vyuo Marekani

Hapa Columbus, Ohio, Jumamosi ya mechi mji mzima huvaa nyekundu na kijivu. Uwanja wa chuo cha Ohio State huingiza watu zaidi ya laki moja, na mechi ikiisha kila unayekutana naye dukani ana hukumu yake juu ya vijana: huyu moto, huyu mzigo, yule akae benchi mpaka ahitimu.

Mimi nami nilikuwa hivyo misimu yangu miwili ya kwanza. Jumamosi moja nikiwa sebuleni na jamaa zangu, mpira ulirushwa ukanaswa na wapinzani, na mdakaji wetu wa mwaka wa kwanza alikuwa mbali kabisa na pale ulipoangukia. Nikamsema vibaya sana: huyu hajui hata anakotakiwa kwenda. Kesho yake nikarudia mkanda. Beki aliyekuwa akimkaba alikuwa amesimama upande wa ndani, na kijana akakata kwenda nje. Nikaendelea kutazama. Mara tatu nyingine siku ileile wadakaji wakubwa walimkuta beki amesimama hivyohivyo, na wote walikata nje. Kijana alikuwa sahihi. Aliyesoma vibaya ni kwotabeki, yule anayerusha mpira, mkongwe wa mwaka wa nne. Niliona aibu, maana nilikuwa nimemtukana mtoto wa watu wa miaka 18 mbele ya wanangu. Jumatatu nikanunua daftari.

Huu ni msimu wa tisa ninalitumia. Nitaeleza ninavyofanya, nikiamini unajua angalau msingi wa mchezo: wachezaji 11 kila upande, na majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10.

Hatua ya 1: Usiandike kitu Jumamosi usiku

Ushindi hufunika mengi, na kipigo hufanya kila mtu aonekane mbovu. Lala kwanza. Mimi hukaa na mkanda Jumapili saa moja asubuhi, nyumba ikiwa kimya.

Kabla ya kuuwasha, tafuta mambo mawili kuhusu kijana. La kwanza, aliripoti lini chuoni. Wengine humaliza sekondari Desemba na kuingia chuo Januari, wakapata mazoezi yote ya majira ya kuchipua. Mwingine huja Juni, miezi miwili na kitu kabla ya mechi ya kwanza. Usiwaweke kwenye mizani moja mwezi Septemba.

La pili, ameshacheza mechi ngapi. Kanuni iliyoanza 2018 ilimruhusu mchezaji acheze hadi mechi nne katika msimu bila mwaka ule kuhesabiwa kati ya miaka yake minne ya kucheza. Wenyeji huuita mwaka huo wa akiba shati jekundu. Ndiyo maana kijana anaweza kung'ara mechi nne kisha akapotea, na mashabiki wakaanza kusema amegombana na kocha, kumbe kocha anamtunzia mwaka. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo soma ya msimu unaoutazama.

Hatua ya 2: Chagua wawili, chora safu tano

Wawili tu. Ukitaka kutazama vijana wanane, utaishia kutazama mpira.

Safu zangu ni hizi: jaribio la ngapi na yadi zilizobaki, mpira ulikwenda upande gani, kazi ya kijana ilikuwa nini, alifanya nini, alama. Mstari mmoja kwa kila jaribio alilokuwa uwanjani. Mfano: "La 2, yadi 7. Kulia. Kuzuia beki. Alimfikia, akamshika mpaka filimbi. +"

Kampuni ya Pro Football Focus, ambayo alama zake hutajwa sana kwenye matangazo, humpa mchezaji alama kwa kila jaribio kuanzia -2 hadi +2, kwa nusu nusu. Wao wana watu wengi na kamera nyingi. Sisi wa sebuleni tunatosheka na +, 0 na −. Lakini ongeza ya nne, nami naiheshimu kuliko zote: S, yaani sijui. Wewe na mimi hatukuwepo kocha alipotoa mpango. Beki akimwachia mdakaji apite, huenda aliahidiwa msaada wa mwenzake nyuma na mwenzake hakuja. Kama huwezi kuijua kazi yake kwa kumlinganisha na wengine waliocheza nafasi hiyohiyo, andika S na uendelee. Ukurasa wa mwanzoni usio na S hata moja umejaa kubahatisha.

Hatua ya 3: Mtazame asipokuwa na mpira

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo mashabiki wengi hukosea. Mdakaji anaweza kuwa uwanjani majaribio 50 na mpira ukamjia mara tano. Takwimu za magazeti zinazungumzia hayo matano. Kijana wa ukuta, wale watano wanaosimama mbele ya kwotabeki, hana takwimu kabisa, na jina lake hutajwa akikosea tu.

Cheza kila jaribio mara tatu. Mara ya kwanza fuata mpira, uutoe moyoni. Mara ya pili mfuate kijana peke yake, kutoka mpira unapoanzishwa mpaka filimbi. Mara ya tatu tazama miguu yake tu.

Chukua kijana aliye mwisho wa ukuta upande wa kushoto. Kwotabeki anayetumia mkono wa kulia humpa mgongo, kwa hiyo mpinzani akipita hapo, kwotabeki hamwoni anakuja. Simamisha picha mpira unapotoka. Mguu wake wa kwanza umekwenda wapi? Anatakiwa kurudi nyuma na pembeni kwa hatua fupi, makalio chini, mgongo umenyooka, kama mtu anayekaa kwenye kigoda. Kijana mwenye hofu hurusha hatua moja ndefu, miguu inakaribiana, na hapo akisukumwa kidogo tu ameyumba. Sogeza picha mbele kidogo. Mikono imetua wapi? Ikitua kifuani mwa mpinzani, ndani ya mabega, mara nyingi amemmudu. Ikitua nje, kwenye mikono ya jezi, atalazimika kumvuta, na kumshika mpinzani ni adhabu ya yadi 10. Kisha macho: anayeinamisha kichwa wakati wa kugongana hajui tena mtu wake ameelekea wapi.

Kijana wa namna hiyo nilimfuatilia msimu uliopita. Jaribio la sita la mechi alipitwa kama mlango ulioachwa wazi, kwotabeki akaangushwa, na uwanja mzima ukaguna. Kwenye daftari langu majaribio mengine 38 ya siku hiyo yalikuwa na alama za kujumlisha 21, sufuri tisa, za kutoa tano, na S tatu. Nilipolinganisha nusu mbili za mchezo, nikaona za kutoa zote isipokuwa moja zilikuwa za nusu ya kwanza. Alikuwa anajifunza mchezo ukiendelea. Hilo hulioni ukifuata mpira.

Kwa mdakaji, angalia kasi. Je, hutoka kwa nguvu ileile mpira ukiwa wake na usipokuwa wake? Anayejivuta kwa sababu anajua hapewi mpira, anamwambia beki kila kitu. Na mwenzake akikimbia na mpira, yeye anamzuia beki au anasimama kutazama? Makocha humpa dakika kijana anayezuia hata kama mikono yake bado inateleza.

Kuhusu mabeki wa nyuma kabisa, kuwa mpole. Kamera ya televisheni huwaacha nje ya picha mpira unapoanzishwa, na huwaona tu mpira ukiwafikia. Wape S nyingi, usubiri marudio yanayoonyesha uwanja mzima.

Hatua ya 4: Kila mtu abebe kosa lake

Kwotabeki akiangushwa na mpira mkononi, chukua saa ya kwenye simu. Pima tangu mpira unapoanzishwa. Akikaa nao zaidi ya sekunde tatu, mimi siuwekei ukuta lawama yote.

Jambo lingine linalosahaulika ni upana wa uwanja. Uwanja una upana wa futi 160. Kwenye mchezo wa vyuo alama mbili ambazo mpira huwekwa ziko futi 60 kutoka kila ukingo. Mpira ukiwekwa kwenye alama ya kushoto, ukingo wa kulia uko futi 100 mbali. Kwenye ligi ya kulipwa alama hizo ziko karibu karibu katikati, tofauti ya pande haihisiki sana. Kwa hiyo kijana wa chuo akirusha kwenda ukingo wa mbali na mpira ukafika kwa wakati, amefanya kitu kikubwa hata kama haukudakwa. Andika +. Na mdakaji akidaka pembezoni na mguu mmoja tu ukagusa ndani, chuoni umehesabiwa, ingawa ligi ya kulipwa hutaka miguu yote miwili. Usimlaumu kwa kosa la ligi nyingine.

Adhabu za kuchomoka kabla ya mpira, yadi tano, ni za mchezaji mwenyewe. Lakini angalia kama ni ugenini, mbele ya makelele ambayo mtu hamsikii aliye pembeni yake. Mara ya kwanza msamehe.

Hatua ya 5: Alicheza na nani, na mchezo ukiwa wapi

Septemba timu kubwa hualika timu ndogo na kuzilipa kuja. Kwa miaka mingi timu za daraja la juu ziliruhusiwa wanafunzi 85 wenye ufadhili, na za daraja linalofuata 63. Pengo hilo unaliona kwenye robo ya nne, wakati upande mmoja hauna tena wa kuingiza. Kijana akikimbia yadi 90 mbele ya watu waliochoka, zihesabu, ila ziandike kwa penseli.

Hatua ya 6: Weka duara kwenye jaribio linalofuata kosa

Tarehe 8 Januari 2018 mjini Atlanta, katika fainali ya taifa ya vyuo, chuo cha Alabama kilikwenda mapumziko kikiwa nyuma ya chuo cha Georgia 13 kwa 0. Kocha wa Alabama, Nick Saban, akamwingiza kwotabeki Tua Tagovailoa, mwaka wa kwanza. Kijana alirusha mpira mmoja ukanaswa. Mchezo ukaenda muda wa nyongeza, na jaribio la kwanza akaangushwa akapoteza yadi 16, kosa lake mwenyewe, maana alikimbia kurudi nyuma badala ya kuutupa mpira nje. Jaribio lililofuata akarusha yadi 41 hadi kwa DeVonta Smith, naye mwaka wa kwanza. Alabama 26, Georgia 23.

Kila mtu anaukumbuka ule mpira. Mimi huwaomba jamaa watazame kushoto kwa ukuta: Alex Leatherwood, naye mwaka wa kwanza, aliingia kipindi cha pili mwenye nafasi alipoumia, katika fainali ya taifa.

Basi kwenye daftari lako, kila penye −, weka duara kwenye mstari unaofuata. Ukimaliza, soma maduara peke yake. Kijana ambaye baada ya kosa anaanza kusitasita, hatua zikawa fupi, akacheza ili asikosee tena, anahitaji muda. Anayerudi na nguvu ileile mwandikie hivyo, hata kama jumla yake ni ndogo.

Hatua ya 7: Andika sentensi tatu, kisha ngoja

Moja: anachoweza sasa. Mbili: kinachomshinda. Tatu: utakachotazama mechi ijayo. Usiandike "atakuwa nyota" wala "hafai." Ukiwa na kurasa za mechi tatu, ndipo ulinganishe, safu kwa safu, kosa lilelile linajirudia au limekufa.

Kwotabeki Joe Burrow ni kijana wa hapahapa Ohio. Alikaa Ohio State akisubiri, mwaka 2017 akavunjika mkono kabla ya msimu, na 2018 akahamia LSU, chuo cha jimbo la Louisiana. Mwaka wake wa kwanza huko alirusha pasi 16 za tachidauni, yaani zilizofika mwisho wa uwanja na kuleta pointi. Mwaka uliofuata alirusha 60, LSU ikashinda mechi zote 15, akachukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Wangapi hapa Columbus walikuwa wameshamfuta?

Mzee mmoja wa Lubumbashi tunayetazama naye mechi hupenda kumtaja Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia karibu na Montreal. Pale chuo cha Michigan, akiwa mkimbiaji na mpira, alikuwa akiba wa Tyrone Wheatley mpaka zamu yake ilipofika. Novemba 1995 akakimbia na mpira yadi 313 dhidi ya Ohio State, ambayo haikuwa imefungwa msimu ule, na Michigan wakashinda 31 kwa 23. Mzee huyu huishangilia Ohio State, lakini yadi hizo 313 huzitaja kwa fahari kila Novemba.

Sentensi zako tatu wasomee wenzako, mbishane, mrudishe mkanda. Kwenye simu ya kijana usiziandike kabisa, ziwe za sifa au za lawama. Jumapili hiyo yeye naye amekaa na kocha wake mbele ya mkanda uleule, na kocha anajua zile S zote ni nini.